Saa za Faragha na Ndege Mlembe

Leo tumeombwa kusema habari za saa za faragha, yaani zile saa ambazo kijana amekwisha kazi ya shule na ya nyumbani, wala hapana mtu amwitaye. Tungeweza kusema mengi juu ya mpira wa miguu, na ngoma, na bao, na hadithi za jioni, wala hatuvidharau vitu hivyo. Sisi wenyewe tulipokuwa vijana tulichapwa zaidi ya mara moja kwa kuchelewa kurudi kutoka mpirani. Lakini leo twataka kuwaeleza jambo moja lililotupata katika kazi yetu ya ualimu, na ndege mmoja mdogo aliyekuwa sababu yake.

Kazi yetu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Kila mwaka wanachuo hutumwa katika shule za jirani wajizoeze kufundisha, nasi huwafuata, tukaketi nyuma ya darasa na kalamu mkononi. Mwaka mmoja tulikwenda upande wa Handeni. Aijuaye njia ile ajua kwamba mtu akitoka Korogwe huiacha nyuma milima ya Usambara, na mto Pangani, na mashamba ya mkonge, akaingia nchi kavu ya Wazigua, yenye miombo na vichaka, ambako maji ni ya shida na nyuki ni wengi.

Somo la siku ile lilikuwa Kiingereza, katika darasa la vijana wa miaka kumi na minne hivi. Kitabu kiliuliza: Wewe hupenda kufanya nini katika saa zako za faragha? Sisi tuliofundisha Kiingereza twalijua sana somo hili, maana ndimo mwanafunzi afundishwamo kusema mambo ya mazoea. Waswahili huyasema kwa silabi moja tu, hu-, wala hawana taabu nyingine. Bali Waingereza hudai herufi s mwishoni mwa kitendo atajwapo mtu mwingine mmoja asiyekuwa mimi wala wewe. Herufi hiyo moja imewatoa jasho wanafunzi wetu kama jembe. Basi vijana wakasimama mmoja mmoja. Wa kwanza akasema yeye hukusanya stempu. Wa pili naye hukusanya stempu. Wa tatu, binti mrefu aliyeketi karibu na dirisha, akasema huteleza juu ya barafu, kwa kuwa kitabuni mlikuwa na picha ya mtoto aliyevaa viatu vya kutelezea. Haya yalisemwa katika nchi ambayo watu huamka alfajiri kufuata ndoo moja ya maji. Mwanachuo wetu akafurahi, maana majibu yote yalikuwa sawasawa na kitabu.

Kijana mmoja hakusimama, bali aliandika katika daftari lake. Maneno yake, tukiyageuza kwa Kiswahili, yalikuwa haya: "Mimi huenda na ndege. Yeye huniita. Mimi hupiga mluzi. Yeye huenda, mimi huenda. Yeye huona nyuki." Zile herufi s hazikuwamo hata moja. Mwanachuo akazitia kwa wino mwekundu, na hapo hakukosea. Kisha akalipiga mstari neno "huniita", akaandika pembeni kwamba ndege hawaiti watu. Alipotuonyesha daftari baada ya somo, tulilitazama tukaitikia kwa kichwa. Twaungama jambo hili mbele yenu. Tulizaliwa karibu na reli, na habari za mlembe tulizisikia utotoni kama mtu asikiavyo habari za sungura na fisi.

Juma la pili tukarudi. Kijana yule alikuwa ameandika upya. Safari hii alisema hukusanya stempu, na ndugu yake hupenda kucheza mpira. Kila herufi ilikuwa mahali pake. Mwanachuo akamtia alama ya vema pamoja na maneno ya sifa. Nasi tulipoyasoma tukaona haya, kwa kuwa tulikuwa tumemfundisha kijana kusema uongo kwa sarufi safi.

Tukamwita nje, chini ya mwembe, tukamwuliza, "Una stempu ngapi?"

Akainama. "Sina, mwalimu."

"Na yule ndege?"

Akanyamaza kitambo. "Yule yupo, mwalimu. Lakini babu ndiye amjuaye zaidi."

Basi siku ya Jumamosi tukafuata njia ya kwao. Mzee alikuwa ameketi barazani akichonga mpini. Tukamwambia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwalimu, karibu. Mjukuu wangu amekosa nini?" Maana desturi ya walimu, mnaijua, ni kufika nyumbani kwa mtu siku ya makosa tu. Tukasema, "Hakukosa, mzee. Sisi ndio tuliokosa, tumekuja kumtazama ndege." Mzee akacheka hata akaweka shoka chini, akasema, "Basi vueni hizo koti, maana nyuki hawapendi nguo nyeusi."

Tulitoka kabla ya jua kuwa kali. Mzee alichukua shoka, kamba, kiberiti na ndoo yenye kifuniko, kijana alitangulia. Kila tulipofika penye miti mikubwa alipiga mluzi mrefu wenye kupanda na kushuka, na mzee aligonga shina kwa kisogo cha shoka. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, nasi tulianza kuwaza ya kwamba huenda mwanachuo alikuwa na haki. Mara juu ya mti mkavu tukasikia sauti kama ya kiberiti kinachotikiswa. Ndege mwenyewe hana uzuri wa kujivunia: mdogo, rangi ya majivu na udongo, tumbo jeupe, koo jeusi, mdomo wa rangi ya waridi, na pembeni mwa mkia manyoya meupe yaonekanayo arukapo. Akaruka mpaka mti wa pili, akangoja. Kijana akamwitikia kwa mluzi. Akaruka tena, akangoja tena. Na kila tulipokawia katika miiba alirudi nyuma akitupigia kelele kama bibi aitaye watoto wavivu. Baada ya nusu saa alinyamaza, akatua juu ya tawi, asiondoke. Mzee akatazama, akaonyesha kwa kidole: katika shina la mti palikuwa na tundu, na nyuki wakiingia na kutoka.

Yaliyofuata hatutayasema kwa urefu. Mzee alitia moshi wa majani mabichi, akapasua kidogo, akatoa masega. Sisi, tulio na viatu na kofia, tulikuwa wa kwanza kukimbia. Tuliporudi tuliona jambo mbili tulizoziandika. La kwanza, mzee aliufukia moto kwa mchanga, akaukanyaga, akatia mchanga tena, hata tulipodhani umekwisha kufa. Wako warina asali wasiofanya hivyo, na misitu mingi imeungua kwa ajili yao. Mtu wa namna hiyo hula asali ya siku moja akaunguza maua ya mwaka mzima. La pili, aliweka kipande cha sega juu ya gogo. Tukamwuliza sababu. "Huo mshahara wake, mwalimu. Usipomlipa, siku nyingine atakupeleka kwa nyoka."

Habari ya nyoka haijathibitishwa na wataalamu. Lakini mengine mengi yaliyosemwa na wazee juu ya ndege huyu yamethibitishwa, na tangu siku ile tumekuwa tukiyatafuta vitabuni. Waingereza humwita honeyguide, yaani kiongozi wa asali. Mwaka 1588 padre Mreno, João dos Santos, aliyekuwa Sofala katika Msumbiji, aliona ndege mdogo akiingia kula nta ya mishumaa, akaandika kwamba ndege huyo huwaongoza watu kwenye asali. Nta ndiyo aitakayo hasa, naye ni mmoja wa viumbe wachache wawezao kuiyeyusha tumboni. Tundu analijua, ila kulipasua hawezi. Mtu aweza kulipasua, lakini hajui liliko. Hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia.

Mwaka 2016 mtaalamu wa ndege Claire Spottiswoode na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya Niassa, kaskazini ya Msumbiji, pamoja na warina asali wa Kiyao. Wayao wana mlio wao wa kumwita mlembe: hutetemesha ulimi, kisha huguna mara moja. Wachunguzi walitembea mwituni, mara wakitoa mlio huo, mara wakitoa sauti nyingine za watu au za ndege. Kwa sauti zile nyingine mlembe alikuja kuwaongoza mara 33 katika mia. Kwa mlio wa Wayao mara 66. Na bahati ya kuonyeshwa tundu la nyuki ilipanda kutoka mara 17 hivi katika mia hata 54. Basi ndege huita watu, na watu humwita ndege, na kila mmoja humwelewa mwenziwe. Mwanafunzi wetu alikuwa amesema kweli, na wino mwekundu ulikuwa umekosa.

Liko jambo jingine tulilolisoma mara mbili, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha. Mwaka 2023 Spottiswoode na mwenziwe Brian Wood walilinganisha mlio wa Wayao na mluzi wa Wahadzabe, wale wawindaji wa karibu na ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania. Walembe wa nchi ya Wahadzabe waliuitikia mluzi wa wenyeji wao zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao; na wale wa Niassa waliupendelea mlio wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadzabe. Ndege ni wa namna moja, bali kila mmoja amejua lugha ya mahali pake. Wala si mama aliyemfundisha. Mlembe jike hutaga katika viota vya ndege wengine akaenda zake, na kinda lake huzaliwa na ncha kali mdomoni, ambayo huitumia kuwaua makinda wa mwenye kiota. Hiyo ni tabia mbaya, hatuifichi. Maana yake ni kwamba ndege huyu, asiyepata kumwona mama yake, hana budi kujifunza ukubwani, kwa kusikiliza.

Na desturi za malipo si moja kila mahali. Mzee wetu humwachia sega. Wahadzabe mara nyingi huificha au huichoma nta, ndege abaki na njaa aongoze tena. Tulipomwambia mzee habari hiyo alitikisa kichwa, akasema watu hao hawana adabu.

Katika sehemu nyingine za Afrika mlembe yungaliko, lakini watu wamekwisha kuacha kumfuata, kwa kuwa sukari hununuliwa dukani, na ndege naye ameacha kuwaita. Hili ndilo lililotutia wasiwasi. Siku tuliyokwenda mwituni tulimwuliza kijana ni wenzake wangapi darasani wajuao mluzi ule. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, wala hakuvimaliza.

Pengine wasikilizaji watauliza, je, kumfuata ndege ni kazi ya mtu aliyesoma? Twawaomba mtazame mashariki ya Korogwe, ng'ambo ya bonde la Lwengera, iliko milima ya Usambara ya Mashariki, na juu yake Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha elimu ya mimea mwaka 1902. Mwaka 1928 akaja pale Mwingereza, Reginald Moreau. Kazi yake ya zamani ilikuwa kukagua hesabu huko Misri; elimu ya ndege hakuisomea chuoni, bali ndege walikuwa starehe yake ya saa za faragha. Alikaa Amani mpaka mwaka 1946, na katika miaka hiyo akawa mmoja wa wajuzi wakubwa wa ndege wa Afrika. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa naye Salimu Asmani, aliyemtafutia ndege mwituni, na watu wengine wa pale aliowaweka wakae chini ya miti wakitazama viota na kuandika saa ya kila jambo walionalo.

Hivyo ndivyo zilivyopatikana habari nyingi za hondohondo, ambaye jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti, likaziba mlango kwa udongo auletao dume, likabakiza ufa mwembamba. Kwa miezi mitatu na zaidi dume humlisha kwa ufa ule. Fikirini ni siku ngapi mtu hana budi kukaa chini ya mti mpaka ajue jambo hilo kwa hakika. Mwaka 1931 ndege mdogo wa Amani mwenye mdomo mrefu aliandikwa katika elimu kwa jina la Moreau. Hajulikani kuwako ila Usambara ya Mashariki na mahali pamoja kaskazini ya Msumbiji. Jina la Salimu halimo katika jina la ndege huyo. Jali Makawa wa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi, ambaye aliifanya kazi kama ya Salimu kwa mtaalamu mwingine, alipata bahati zaidi: ndege mmoja aliyepatikana Zambia mwaka 1964 akaitwa kwa jina lake, na hata leo hajaonekana wa pili.

Tangu mwaka 1980 viko vyama vya Malihai katika shule za Tanzania, ambavyo wanafunzi hujifunza humo habari za wanyama na misitu. Na mwaka 1991, Dar es Salaam, wanafunzi wachache walikutana nyumbani kwa Bibi Jane Goodall, yule aliyewachunguza sokwe wa Gombe, na mkutano huo ukawa mwanzo wa chama cha Roots and Shoots, kilichoenea katika nchi nyingi. Ikiwa shule yenu ina chama cha namna hii, vema. Kama haina, daftari na penseli vyatosha.

Wako vijana watakaosema kwamba ndege ni wa manati na ulimbo. Mtu ategaye kwale kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani hatutamsema leo, ijapokuwa sheria ya wanyama ina maneno yake. Lakini yule apigaye kila kirukacho, apate nyama ya tonge moja, twamwuliza hivi: wewe wajua saa ambayo hua hushuka kunywa maji, na mti ambao kwembe hupenda kulala, na sauti ya kila ndege kabla hujamwona. Mambo hayo umeyajua bila kufundishwa na mtu, na wako wataalamu waliosafiri kutoka ng'ambo ili wayapate. Kwa nini ujuzi wote huo uishie katika jiwe moja?

Sasa tuwaeleze tulivyofanya. Tuliporudi shuleni tulimwomba mwanachuo afunge kitabu kwa somo moja, naye, twamsifu kwa hili, hakukasirika. Akawaambia wanafunzi waandike jambo walifanyalo kweli, na neno la Kiingereza wasilolijua waliache kwa Kiswahili au kwa Kizigua mpaka litafutwe. Darasa likawa kimya muda mrefu. Kisha yule binti wa barafu akaandika ukurasa na nusu. Yeye hulinda mahindi yasiliwe na nyani. Alisema nyani huweka mmoja wao juu ya mti atazame, na kwamba wakimwona kaka yake hukimbia, lakini wakimwona yeye huendelea kula wakimtazama usoni, basi siku hizi huvaa kofia na suruali ya kaka yake. Makosa ya herufi s tuliyahesabu kumi na moja. Hatujapata kusoma insha iliyotufurahisha kuliko ile.

Wengine waliandika juu ya kabumbu, na wawili juu ya kuangalia picha katika simu za mkononi, nasi hatukuwakataza, maana ndiyo kweli yao. Mmoja alishika stempu zake. Tukamwomba atuletee, akaleta nne, zimewekwa vizuri katika bahasha. Basi huyo tulikuwa tumemdhulumu kwa kumdhania mwongo.

Majina ya ndege yalitupa taabu zaidi. Kwa baadhi yao tulipata jina la Kizigua, tukakosa la Kiswahili. Kwa wengine tulipata la Kiswahili, na kitabu cha Kiingereza kikatoa ndege watatu wafananao. Tuliyaandika yote ukutani kwa safu tatu, na nafasi zilizobaki wazi tukaziacha wazi. Wazee walipokuja kulipa michango walisimama kuzisoma, wengine wakabishana hata wakasahau walichojia, na kabla ya muhula kwisha nafasi tisa zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko usio wa wanafunzi.

Naye kijana wa mlembe aliiandika insha yake mara ya tatu, akaeleza mluzi, na kiberiti, na sega juu ya gogo. Herufi s alizitia zote ila mbili. Likabaki shauri moja tu. Katika Kiingereza ndege hutajwa mara nyingi kama vile kitajwavyo kitu, kwa neno lile lile litumikalo kwa meza na mawe, naye kijana alikuwa ameandika kama mtu amtajavyo mwanamume. Mwanachuo alitaka kulisahihisha. Siku ile mzee alikuwa amefika shuleni na chupa ya asali kwa walimu, akasikia tukibishana, akataka kuelezwa. Tulipokwisha kumweleza alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Mwalimu, jiwe laweza kunionyesha nyuki?" Mwanachuo akaifunga kalamu yake, na neno likabaki kama lilivyoandikwa.